Je, Jimu Ziwe Bure? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila mjadala wa jimu za bure unapoanza upya, na mara nyingi hurudi kwa maneno yaleyale. Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale yanayowasumbua waliokwisha kuzoea mjadala. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Kila mji unapaswa kuwa na mahali pa umma pa kuimarisha mwili ambapo mtu haulizwi pesa mlangoni, na pesa ya kwanza ya mahali hapo iende kwa mwalimu kabla ya kwenda kwa mashine. Jimu za watu binafsi ziendelee kulipisha kama kawaida.

## Mambo ya msingi

"Jimu ya bure" maana yake nini hasa?

Ni jimu ambayo mtumiaji halipi kiingilio, ada ya mwezi wala pesa ya kujiandikisha. Gharama zipo palepale, ila zinabebwa na mfuko mwingine: kodi, bima ya afya, mwajiri au mfadhili.

Wanaobishana mara nyingi hawazungumzii kitu kimoja. Mmoja anawaza ukumbi wenye mashine na mwalimu. Mwingine anawaza vyuma vilivyosimikwa bustanini. Wa tatu anawaza darasa la mazoezi ya viungo uwanjani, na wa nne anawaza saa chache za bure ndani ya jimu inayolipisha. Zote nne zinaingia katika ukurasa huu. Siku za kujaribu zinazotolewa na jimu za biashara haziingii, kwa kuwa hayo ni matangazo.

Barabara ni bure na sakafu ya nyumbani ni bure. Jimu ya nini?

Kwa sehemu ya mazoezi, kweli huhitaji jimu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima apate kwa wiki dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, na pamoja na hayo aimarishe misuli mikubwa ya mwili siku mbili au zaidi. Dakika hizo unaweza kuzimaliza kwa kutembea haraka, kukimbia au kuendesha baiskeli.

Kuimarisha misuli ndiko kunakosahaulika, na ndiko jimu inakokuwa na faida yake. Misuli hupata nguvu mzigo unapoongezwa kidogo kidogo. Mtu mdhaifu, mzito au anayetoka kuugua hawezi kuanza na pushapu, maana kwake hata moja ni mzigo mkubwa mno. Anahitaji dambeli ya kilo mbili, kisha tatu, kisha nne. Na yule mwenye nguvu tayari, baada ya miezi michache uzito wa mwili wake mwenyewe haumtoshi tena.

Isitoshe, barabara si ya kila mtu. Kuna njia zisizo na taa, zisizo na mahali pa waenda kwa miguu, na kuna wanawake wasioweza kukimbia hatua mia bila kuitwaitwa. Na kuna nyumba ambazo ukitandika mkeka, wengine hawana pa kupita.

Tatizo la kutofanya mazoezi ni kubwa kiasi hicho?

Ni kubwa. Makadirio ya WHO na washirika wake kwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba asilimia 31 ya watu wazima duniani, takriban watu bilioni 1.8, hawafikii kiwango nilichotaja hapo juu. Kwa wanawake ni asilimia 34, kwa wanaume 29. Katika ripoti yake ya mwaka 2022 shirika hilo lilikadiria kwamba hali isipobadilika, kati ya 2020 na 2030 karibu watu milioni 500 wataugua magonjwa ya moyo, unene, kisukari au mengine yasiyoambukiza kwa sababu ya kukaa tu, na matibabu yao yatagharimu takriban dola za Marekani bilioni 27 kila mwaka. Anayesema jimu za umma ni anasa inafaa ajibu pia hesabu hiyo italipwa na nani.

Wazo hili ni jipya?

Hapana. Athens ya kale ilikuwa na viwanja vitatu vya umma vya mazoezi, Akademia, Lykeion na Kynosarges, na katika miji mingi ya Wagiriki raia tajiri alipewa jukumu la kugharimia mafuta waliyojipaka wanamazoezi. Tusiipambe historia hiyo: wanawake na watumwa hawakukaribishwa.

Karibu na zama zetu, mwaka 1968 Zürich ilifunguliwa njia ya kwanza ya msituni yenye vituo vya mazoezi ya viungo, iliyofadhiliwa na kampuni ya bima. Leo Uswisi ina njia za aina hiyo karibu 500, na hakuna anayelipa kuzitumia. Mji wa Recife, Brazili, ulianzisha mwaka 2002 mpango wa madarasa ya bure ya mazoezi katika maeneo ya umma, na mwaka 2011 wizara ya afya ya nchi hiyo ikaufanya wa taifa kwa jina la Academia da Saúde. Nitaurudia mpango huo chini, kwa sababu una jambo ambalo miji mingi hulikosa.

## Pesa

Nani atalipa?

Tuanze na pesa inakokwenda. Gharama kubwa za jimu ni jengo, mishahara, umeme na maji, na hizo ziko karibu sawa ukumbi ukiwa na watu watano au hamsini. Jimu nyingi hujaa asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi, katikati zikabaki na mwangwi tu. Kumwingiza bure mtu wa saa nne asubuhi hakuongezi gharama ya maana. Birmingham, Uingereza, iliitumia hesabu hiyo katika mpango wake wa Be Active: wakazi waliingia bure katika vituo vya michezo vya umma kwa saa zilizopangwa, na uchambuzi wa kiuchumi uliochapishwa 2014 ulihitimisha kwamba afya iliyopatikana ilistahili pesa iliyotumika.

Kwa hiyo mji usio na pesa nyingi una pa kuanzia: saa tupu za majengo uliyo nayo tayari. Kumbi za shule zinazofungwa wanafunzi wakiondoka zihesabiwe pia.

Njia nyingine ni kumpa kila mkazi salio. Singapore ilipoanzisha ActiveSG mwaka 2014, ilimpa kila raia na mkazi wa kudumu aliyejiandikisha dola 100 za nchi hiyo atumie katika jimu na mabwawa ya umma. Njia ya tatu, ninayoipenda kuliko zote, ni kuiweka jimu ndani ya bajeti ya afya, ili mganga aweze kumpeleka mgonjwa huko kama anavyompeleka maabara.

Kwa nini kodi yangu ilipie jimu nisiyoitumia?

Kwa sababu ileile inayofanya kodi yako ilipie maktaba usiyoingia na shule ambayo huna mtoto ndani yake. Ukihitaji hoja ya mfukoni zaidi: kisukari na kiharusi cha jirani yako tayari unavigharimia, kwa njia ya kodi au kwa njia ya bima. Jimu ni mahali ambapo pesa hiyohiyo inaweza kutumika mapema, kabla mtu hajalazwa.

Sisemi kila mji ujenge jimu kabla ya maji safi na zahanati. Pale ambapo hivyo bado havipo, jimu isubiri, na madarasa ya uwanjani, ambayo hayahitaji jengo, yatangulie.

Kitu cha bure hakithaminiwi. Si ndiyo?

Hoja hii ndiyo ya kwanza kutolewa kila mahali, na ina ukweli kidogo. Lakini waliolipa nao hawathamini. Wachumi Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier walichapisha mwaka 2006 uchunguzi wa wanachama zaidi ya 7,700 wa klabu tatu za mazoezi nchini Marekani. Waliokuwa na mkataba wa mwezi walilipa zaidi ya dola 70 na kuhudhuria kwa wastani mara nne na kidogo, yaani kila ziara iliwagharimu zaidi ya dola 17, wakati wangeweza kununua tiketi ya ziara kumi ambayo kila ziara ingewagharimu dola 10. Kulipa hakukuwaleta. Kulikuwa matumaini yaliyokatwa kwenye akaunti kila mwezi.

Naomba tulitazame jambo hili kwa makini. Sehemu ya biashara ya jimu inasimama juu ya wanachama wasiokuja. Wangekuja wote siku moja, ukumbi usingewatosha. Mfumo unaopata faida mtu anapokata tamaa hauwezi kuwa ndio kipimo chetu cha kuthamini.

Ikiwa bure, watu wapya watakuja kweli, au ni walewale?

Inategemea mlango ulifunguliwa vipi, na Uingereza ina mifano miwili ya karibu wakati mmoja.

Mwaka 2009 serikali ilifanya kuogelea kuwe bure kwa wenye miaka 16 kushuka chini na miaka 60 kwenda juu katika sehemu kubwa ya England. Tathmini ilionyesha kwamba sehemu kubwa ya uogeleaji huo ungefanyika hata bila ruzuku, na serikali iliyofuata ikausitisha mpango Julai 2010, kabla ya muda wake.

Blackburn with Darwen, eneo lenye umaskini mwingi kaskazini-magharibi mwa nchi hiyohiyo, lilifungua jimu na mabwawa yake bure kuanzia 2008, lakini liliongeza watu wa kwenda mitaani kuwatafuta na kuwashika mkono wasiowahi kufanya mazoezi. Utafiti uliochapishwa 2018 ulikuta mahudhurio ya jimu na kuogelea yakiwa juu kwa asilimia 64 kuliko ambavyo yangekuwa bila mpango, na athari ilikuwa kubwa zaidi kwa watu wa hali ya chini.

Naisoma mifano hii hivi: kuondoa bei huwarahisishia waliokuwa tayari njiani. Asiyewahi kukanyaga jimu anahitaji bei iondoke na mtu amwite.

Kwa nini tusiweke ada ndogo tu, ya heshima?

Ada ndogo inahitaji mtu wa kuikusanya, kitabu, risiti na mabishano na aliyesahau pesa. Wakati mwingine gharama ya kuikusanya hula kinachokusanywa. Na kwa yule tunayemlenga, "ndogo" hailingani na ya mwenye kupanga bei. Mama mwenye watoto watatu hataichukua pesa hiyo kutoka kwenye matumizi ya nyumbani kwa ajili ya mwili wake, hata iwe kidogo. Atasema ataanza mwezi ujao.

Kama mji hauna budi kutoza, utoze saa za msongamano na uache saa nyingine wazi.

Jimu za watu binafsi hazitakufa?

Zile zinazouza kilekile kinachotolewa bure, kwa vifaa duni, zitapata shida. Nyingi zitabaki, kwa kuwa watu wanalipia pia ukaribu, utulivu, maji ya moto, mwalimu wao binafsi na kutosubiri benchi. Na anayejifunza kunyanyua vyuma katika jimu ya umma mara nyingi ndiye mteja wa kesho wa jimu bora zaidi. Sikubaliani na wanaotaka jimu binafsi zilazimishwe kuingiza watu bure: mwenye mkopo wa benki na kodi ya pango hawezi kubebeshwa wajibu wa serikali. Serikali ikitaka nafasi humo, inunue saa.

## Nani aingie

Matajiri nao waingie bure?

Ndiyo. Ukianza kudai uthibitisho wa umaskini mlangoni, unapata mambo mawili mabaya: foleni ya karatasi, na aibu. Watu wengi wenye dhiki wataacha kuja kuliko kujitangaza. Tena mahali panapotumiwa na maskini peke yao huchakaa bila mtu mwenye sauti wa kulalamika. Kinachofaa kulengwa ni mahali jimu inapojengwa na saa inazofunguliwa. Iweke katika mtaa ambao watu wake wana haja nayo zaidi, na wenye magari wakija, karibu.

Saa za wanawake peke yao ni ubaguzi?

Tazama tena asilimia za swali la ukubwa wa tatizo: wanawake ndio waliobaki nyuma. Saa zao huwaingiza watu ambao vinginevyo wasingefika kabisa, wakiwemo wale ambao imani yao haiwaruhusu kufanya mazoezi mbele ya wanaume. Sharti langu ni kwamba wasipewe saa mbovu. Saa ya wanawake iliyowekwa saa tano asubuhi siku ya kazi imetolewa kwa maandishi tu.

Wazee wana nafasi jimu?

Kuliko kundi lolote. Misuli hupungua kadiri umri unavyosogea, na mwenye miguu dhaifu akianguka anavunjika nyonga, na baada ya hapo wengi hawarudi kuishi kwa kujitegemea. WHO inawashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya usawa wa mwili siku tatu au zaidi kwa wiki. Kuinuka kitini mara kumi bila kushika kitu ni zoezi kamili. Mzee anahitaji mwalimu mwenye subira, kiti imara na vijana wasiomtazama kama amepotea njia.

Watoto je?

Wenye miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku, na sehemu kubwa ipatikane michezoni. Kijana wa sekondari anaweza kunyanyua vyuma vyepesi akisimamiwa na mtu anayejua. Dhana kwamba vyuma vinamdumaza haina ushahidi; hatari ni mzigo mkubwa na mkao mbaya bila msimamizi. Wadogo zaidi wasiachwe peke yao karibu na mashine ya kukimbilia, kwa kuwa ukanda wake huchubua na kunasa vidole.

Na mwenye ulemavu?

Bei ya sifuri haimsaidii chochote mtu wa kiti cha magurudumu kama kuna ngazi mlangoni. Mlango mpana, nafasi kati ya mashine, benchi linaloondoka ili kiti kiingie, choo anachoweza kukitumia: haya yawe kwenye mchoro wa kwanza wa jengo. Kuyarekebisha baadaye huwa ghali, na huahirishwa mpaka yasahaulike.

## Uendeshaji

Lazima kuwe na mwalimu?

Hapa ndipo ninapong'ang'ania, na ndipo mipango mingi ya jimu za bure inapoharibikia.

Mfikirie mtu anayeingia jimu kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 45. Hajui mashine ipi ya mguu na ipi ya mgongo. Hajui aanze na uzito gani. Anaona wenzake wanajua, na anahisi kila jicho liko juu yake. Atapanda mashine ya kukimbilia, kwa kuwa ndiyo pekee anayoielewa, atatoka jasho dakika kumi na ataondoka. Kesho misuli itauma, na hakuna aliyemwambia kwamba maumivu hayo ni ya kawaida na yatapita kwa siku mbili tatu. Hatarudi. Kwenye takwimu ataandikwa kama "aliyepewa nafasi akaikataa".

Mwalimu hubadilisha kila kipande cha simulizi hiyo. Anamwonyesha mazoezi manne tu ya kuanzia, anamwandikia kilo zake kwenye kadi, anamsahihisha mgongo, anamwambia arudi keshokutwa. Akikosa kurudi, anapiga simu. Simu hiyo ni kazi, na inapaswa kuwa kwenye mkataba wake. Katika utafiti mkubwa ulioongozwa na Katherine Milkman na kuchapishwa 2021, wanachama zaidi ya 61,000 wa mtandao mmoja wa jimu Marekani walipitishwa katika programu 54 tofauti za kuwahamasisha. Iliyoongoza ilikuwa ile iliyompa mtu zawadi ndogo sana kwa kurudi baada ya kukosa. Watu hawapotelei siku ya kwanza waliyokosa, wanapotelea siku ya pili.

Nguvu ya Brazili ilitoka hapa. Katika mpango wa Recife, mwalimu wa elimu ya viungo ndiye kiini, na mpango wa taifa uliunganishwa na mfumo wa afya ya umma, SUS. Chuma kinaweza kuwa kichache na mpango ukaenda.

Kwa hiyo ukiona bajeti ya jimu ya umma yenye mashine ishirini na mfanyakazi mmoja wa kufungua na kufunga mlango, omba ibadilishwe: mashine kumi, walimu wawili. Na walimu hao walipwe mshahara. Kujitolea ni jambo jema kwa mwezi mmoja wa kampeni. Jimu inaishi miaka.

Vyuma vya bustanini havitoshi?

Vinasaidia, hasa vile vya kujivuta juu na vya kujisukuma kwa mikono miwili, ambavyo kijana mwenye nguvu atavitumia miaka mingi. Mashine za bustanini zenye viungo vinavyobembea mara nyingi hazina mzigo wa kuongeza, kwa hiyo haziimarishi sana. Nazo pia zinafaa kuwa na mwalimu saa fulani. Bogotá, inayofunga zaidi ya kilomita 100 za barabara kwa magari kila Jumapili na sikukuu kwa desturi iliyoanza 1974, huweka pia majukwaa ya mazoezi ya bure yanayoongozwa na walimu, na watu hujaa mbele yake.

Mashine si zitaharibika haraka?

Zitachakaa kwa matumizi, na hilo litegemewe. Suluhisho kubwa liko kwenye ununuzi. Vyuma vya kunyanyua, mabenchi imara na vizuizi vya usalama vya kuwekea chuma hudumu miaka mingi bila umeme na bila fundi. Mashine ya kukimbilia ina mota, ukanda na kompyuta ndogo, na inahitaji kulainishwa na kubadilishiwa ukanda. Jimu ya umma ianze na vyuma. Kila mwaka itengwe pesa ya matengenezo, iliyo kwenye mstari wake wa bajeti, ili isichukuliwe kwa shughuli nyingine. Kukuta mashine imefungwa karatasi "mbovu" kwa miezi kunawaambia watu kwamba wao si muhimu.

Msongamano utadhibitiwaje?

Kuweka nafasi kwa saa za asubuhi na jioni, kuingia bila nafasi kwa saa nyingine. Tatizo la nafasi za bure ni watu kuziweka na kutokuja. Usiwatoze faini. Aliyekosa mara tatu bila taarifa apoteze haki ya kuweka nafasi kwa wiki mbili, ila aruhusiwe kuja saa tulivu. Kwenye chuma chenye foleni, watu wapokezane kati ya seti, yaani mkupuo mmoja wa kunyanyua na mwingine.

Kwa nini tusiende mbali zaidi, tuwalipe watu waje?

Imejaribiwa. Gary Charness na Uri Gneezy, katika utafiti uliochapishwa 2009, waliwalipa wanafunzi wa chuo kikuu Marekani kwa kuhudhuria jimu. Waliolipwa dola 100 kwa ziara nane ndani ya wiki nne waliendelea kuja zaidi ya wengine hata malipo yalipokoma, hasa wale ambao hapo awali hawakuwa na mazoea. Lakini katika utafiti wa Milkman niliotaja, karibu nusu ya programu ziliongeza ziara kwa asilimia 9 hadi 27 wakati zikiendelea, na asilimia 8 tu ndizo zilizoacha athari baada ya wiki nne kuisha. Pesa husukuma siku za mwanzo. Ningeitumia kwa makundi madogo, kwa mfano wagonjwa walioandikiwa mazoezi na daktari, na fedha iliyobaki ningemlipa mwalimu.

## Hali za pekee

Mtu akiumia, nani anawajibika?

Mwendeshaji, kama ameacha waya ulioliwa, sakafu yenye maji au mashine mbovu. Kutolipisha hakumwondolei wajibu wa kutunza mahali. Awe na bima ya dhima, sanduku la huduma ya kwanza na mtu anayejua kufufua moyo kila saa jimu ikiwa wazi. Mtumiaji naye aeleze hali yake siku ya kwanza: moyo, presha, ujauzito, upasuaji wa karibuni. Mwenye maumivu ya kifua anapojitahidi aonane na daktari kabla ya kugusa chuma.

Kampuni ya soda au ya virutubisho ikijitolea kufadhili?

Soda, hapana, hata jina lisiwekwe ukutani. Virutubisho pia nakataa, kwa sababu nyingine: mwalimu anayepata asilimia kwa kila kopo la unga wa protini hawezi kumwambia mtu ukweli kwamba wengi hawahitaji unga huo. Kutoka hapo hadi vidonge na sindano za kujaza misuli kuna hatua fupi sana, na wanaoumia ni vijana wa miaka 17. Kampuni ya bima, ambayo hunufaika mtu akiwa mzima, ni mfadhili mwenye mwelekeo mmoja na watumiaji. Hata hivyo haitakiwi kuona majina ya watumiaji.

Jimu ya bure inayotaka nipakue programu ya simu ina shida gani?

Soma inachokusanya. Uzito wako, mapigo ya moyo na ratiba yako ya kila siku ni taarifa nyeti. Jimu ya umma inahitaji jina, namba ya dharura na hali za kiafya zinazohusu usalama. Kadi ya karatasi inatosha, na asiye na simu janja asikwame mlangoni.

Mwajiri wangu anatoa jimu bure. Hiyo inahesabika?

Inahesabika kwako, na uitumie. Haihesabiki kama jibu la mji, kwa sababu asiye na ajira rasmi haimfikii, na wewe mwenyewe utaipoteza siku utakayoacha kazi. Mwajiri asitumie mahudhurio ya jimu kupima utendaji wa mtu.

Mgeni au mhamiaji asiye na kitambulisho cha ukazi aingie?

Aingie. Idadi yao katika jimu moja huwa ndogo, na kumkagua kila mtu kwa ajili yao ni ghali na kunafukuza wengi zaidi ya waliolengwa. Jina na namba ya mtu wa kupigiwa simu zinatosha.

Kuna anayeweza kufukuzwa jimu ya bure?

Ndiyo: anayesumbua wanawake, anayepiga picha watu bila ruhusa, anayeuza dawa, anayepigana. Kanuni zibandikwe ukutani, onyo liandikwe, na kuwe na mtu wa kukatiwa rufaa asiye mwalimu yuleyule. Kwa kuwa ni mahali pa umma, kufukuza kuwe kwa muda unaojulikana, isipokuwa kwa ukatili.

Ufadhili ukiisha, itakuwaje?

Hili litatuliwe siku ya kufungua. Mpango wa kuogelea wa England ulifungwa ukiwa na umri wa mwaka mmoja na miezi michache. Mtu aliyeshawishika kuanza akiwa na miaka 60, kisha akakuta mlango una bei tena, ni vigumu kumshawishi mara ya pili.

Ninachopendekeza kiandikwe kwenye mkataba: taarifa ya miezi sita kabla ya mabadiliko yoyote ya bei, akiba ya mishahara ya walimu ya kipindi hichohicho, na utaratibu wa nini kinakatwa kwanza. Zikatwe mashine za umeme kwanza, kisha saa za usiku, kisha jengo lenyewe ikibidi, madarasa yahamie uwanjani. Mwalimu awe wa mwisho. Akiwepo yeye, dambeli chache na kadi za watu wake, kundi linaweza kuendelea chini ya mti mpaka bajeti nyingine ipatikane.